Chupa za Magoti

Juzi nikiwa foleni kwenye duka la dawa Westmead, huku ughaibuni, mama mmoja Mkongo, barakoa mpaka machoni, alipanga chupa kumi na moja juu ya kaunta: mafuta ya samaki, manjano, glukosamini ya viungo. Vidonge vyake vya saratani ya titi vilimuumiza viungo hadi akataka kuviacha. Kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu, na kwa vile korona imezuia wageni kuingia, kila mmoja alimwachia chupa getini.

“Ipi imekusaidia, mama?” akauliza mfamasia, binti wa Mombasa.

“Sijafungua hata moja, mtoto yangu. Lakini kila wakipiga simu kwamba wako getini nashuka ngazi, nawapungia mkono, napanda tena. Sasa magoti yanakunjika.”

Binti akazirudisha chupa kwenye mfuko wa mama. “Basi zisifunguliwe mpaka daktari azione. Ila ngazi usiache.”

Jumamosi nami nampelekea ya kumi na mbili. Nitaiacha kwenye geti la mbali, atembee zaidi.