Kura Moja ya Genge la Reli

Katika ukoo wetu mzima mimi peke yangu nilistahili kupiga kura, na mimi ndiye niliyekuwa mvivu kuliko wote. Serikali ya Mwingereza iliweka masharti yake: uwe na elimu ya kutosha, au kipato kikubwa, au cheo. Cheo sikuwa nacho, na kipato changu kilikuwa mayai niliyopewa na majirani kwa kuwaandikia barua. Lakini nilikuwa nimesoma sekondari miaka miwili, kisha nikarudi nyumbani mlimani na sikuona sababu ya kutoka tena. Tangazo la uchaguzi lilibandikwa mlangoni mwa kanisa. Nililisoma hadi pale panaposema watu wa aina yangu wanaruhusiwa, nikatosheka, nikaenda kunywa uji.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa kibarua wa reli kule Same. Genge lao lilikuwa la watu kumi na mmoja, wote wa kijiji chetu, na kazi yao ilikuwa kushindilia kokoto chini ya mataruma yanayobeba vyuma vya reli, kutwa nzima juani. Hakuna hata mmoja wao aliyestahili kura. Mwisho wa mwezi walipanda nyumbani, na mwezi ule mjomba alinikuta nimekaa jikoni kama kawaida yangu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nasikia una kura."

"Ninayo."

"Si yako. Ni yetu. Wewe umepewa uitunze tu, kama mbuzi wa watu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alisema genge zima limekubaliana, na kwamba wataamua chama cha kukipa kura hiyo siku ya msaragambo.

Kwetu Upare pembe ya msaragambo ikilia alfajiri, kila nyumba hutoa mtu na jembe kwa kazi ya wote, na asiyefika hutozwa faini. Safari hii kazi ilikuwa kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa letu dogo la kukusanyia maji ya mfereji. Mimi sikuwahi kutozwa faini. Nilikuwa bingwa wa kufika mapema na jembe la kuazima, kuwasalimia wazee wote kwa sauti ili nionekane, kisha kupotelea migombani.

Siku hiyo, hata hivyo, nilikwenda kwa hamu. Nilitaka kujua watu ambao hawajawahi kuulizwa lolote na serikali watakichaguaje chama. Nilidhani wataniomba niwasomee sera. Nilikuwa hata nimetunga maelezo, yenye utangulizi. Hakuna aliyeniuliza.

Wa kwanza kufika walikuwa mabwana wa chama kimoja, na gari lao likaishia pale njia ilipoishia. Walisimama ukingoni wamevaa tai, wakasema nchi bado changa, twende polepole. Walisema vizuri sana, mimi nilipendezwa. Kibarua mmoja mwenye kovu kidevuni akaegemea jembe lake.

"Wanasema twende polepole," akasema. "Wao wamekuja na gari."

Baadaye akaja katibu wa tawi la chama cha pili. Alipanda kwa miguu kutoka Same, viatu vyake amevifunga kamba na kuvining'iniza shingoni. Akasalimia, akaomba jembe, akaingia kwenye tope. Shangazi yangu, aliyekuwa akikoroga makande pembeni, alimtazama muda mrefu.

"Huyu analishika jembe kama mtu aliyewahi kugombezwa na mama yake," akasema.

"Na sera zake?" nikauliza.

"Mwache amalize kipande chake," mjomba akajibu. "Mtu akichoka ndipo husema kweli."

Yule wa kovu akaongeza, "Wale wanataka kura yangu, nami sina. Huyu ametaka jembe langu, nami ninalo."

Niliyaona haya kuwa ni mambo ya ajabu, na nilikusudia kabisa kubaki nimsikilize katibu. Lakini makande yaliiva, nikala, jua likawa kali, na mgongo wangu ukaanza kunieleza habari za nyumbani. Kabla tope halijaisha nilikuwa kitandani.

Jioni mjomba alipita mlangoni. "Umesikia alivyosema katibu?"

"Nimesikia," nikasema.

"Basi ni hivyo hivyo."

"Hivyo hivyo, mjomba."

Siku ya kura niliteremka Same. Mstari ulikuwa wa walimu, makarani na wenye maduka. Mbele yangu alisimama mwalimu mmoja, nami nikajipa kazi ya kumfafanulia maana ya demokrasia. Nilikuwa katikati ya ufafanuzi huo karani alipotoka nje na kutangaza: kila mpiga kura ataweka alama kwa watu watatu, Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja. Atakayemwacha hata mmoja, karatasi yake imeharibika.

Demokrasia nikaiacha hapo hapo. Mwafrika wa chama chetu nilimjua, kila mtu alimjua. Lakini Mhindi yupi? Mzungu yupi? Chama cha pili kilikuwa na watu wake kinaowaunga mkono, na katibu bila shaka aliwataja pale ndivani, mimi nikiwa nimejifunika shuka. Kumuuliza mwalimu nisingeweza. Nilikuwa nimeshamfundisha mno. Nikafikiria kubahatisha. Kisha nikawakumbuka wale kumi na mmoja na sepetu zao, na kura yao moja mkononi mwangu. Nikatoka mstarini, nikakimbia kando ya reli.

Niliwakuta mbele kidogo ya stesheni.

"Mpiga kura wetu huyo!" akapaza sauti yule wa kovu. "Mbona unahema? Kura ni nzito?"

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeweka?"

"Bado. Wale wengine wawili… ni akina nani?"

Sepetu zikasimama. "Si ulisema umesikia?"

"Nilikuwa nimesharudi nyumbani."

Walicheka mpaka mnyapara akafoka. Mjomba peke yake hakucheka. Alijifuta jasho taratibu.

"Watu kumi na mmoja tumekupa mdomo wetu," akasema, "ukaenda kuujaza makande na kulala."

Akanitajia majina yale mawili, akanitaka niyarudie mara tatu kama mtoto wa kipaimara, hata vibarua wenzake wakaitikia pamoja nami. Yalikuwa midomoni mwao wote. Nami, huku nimechelewa na nina aibu, nikashindwa kuuzuia ulimi.

"Lakini mjomba, hao wawili mnawajua?"

"Hatujawahi kuwaona."

"Sasa mnawachaguaje?"

"Tunamjua aliyewataja. Alikaa kwenye tope mpaka likaisha. Mwenye kutudanganya angeondoka mapema." Akanitazama viatu. "Nenda. Watafunga."

Nikarudi mbio, nikashika mkia wa mstari. Jua lilikuwa limeinama nilipopewa karatasi. Niliyarudia majina kimoyomoyo, nikaweka alama ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja nikiikandamiza kama kokoto chini ya taruma. Nilitafuta ndani yangu maoni yangu mwenyewe, yale yenye utangulizi, sikuyaona.

Wakati wa kurudi niliwapitia. Walikuwa wanakusanya vifaa.

"Umeweka?" mjomba akauliza.

"Nimeweka."

"Wote watatu?"

"Wote."

Akaitikia kwa kichwa, akabeba sepetu begani. "Haya. Msaragambo ujao uje na jembe lako mwenyewe. Na nitaipuliza pembe mlangoni kwako."