Watoto wa Vyumba vya Nyuma

Ipo siku moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu Nkwimba. Nilikuwa binti kama wewe, nimembeba Masanja wangu mgongoni, tumetoka kijijini kwetu Mwakitolyo kwenda hospitali mjini. Masanja alizaliwa na mtindio wa ubongo, kama mwanao. Shingo haikukaza, miguu ilikakamaa. Baba yake alikuwa ameshakwenda Geita kuchimba dhahabu. Aliaga kwamba anatafuta hela ya matibabu, nami nilimwamini mpaka misimu ikapita bila hata salamu.

Akiwa mdogo alitibiwa bure. Siku hiyo kijana wa dirisha la malipo aliuliza umri wake, akasema bila ubaya, "Mama, ameshapita miaka mitano, sasa mnalipia. Na bima yenu haina mazoezi ya viungo."

Nikaketi benchi la nje. Kila Masanja alipokakamaa watu walisogea kidogo, hata benchi zima likabaki letu wawili. Wewe unaujua upweke huo. Nakuona kanisani unavyokaa karibu na mlango.

Akaja muuguzi mmoja mzee, akakaa nasi. Nikamwamkia.

"Marahaba, mayu," akaniita mama kwa Kisukuma. "Unalia nini?"

Nikamweleza. Hakunipa pole. Aliuliza, "Kijijini kwenu wako wangapi kama huyu?"

"Ni wangu tu."

"Haiwezekani. Wenzake wamefichwa ndani. Ukilia peke yako watakuonea huruma, basi. Mkija wengi, itabidi wawajibu. Nenda kawatafute."

Nilikasirika, jamani! Nilifuata tiba, nikapewa kazi. Lakini nilikwenda. Nyumba ya kwanza walinifukuza, wakasema nawaletea mkosi. Nyumba ya pili ilikuwa ya Mama Limbu. Alimtazama Masanja mgongoni kwangu, kisha akafungua chumba cha nyuma. Limbu alikuwa kwenye mkeka, anacheka mwenyewe.

"Humwogopi?" mama yake akaniuliza.

Nikamlaza Masanja pembeni yake. Tukalia wote.

Baadaye tukawa wengi. Tulikwenda mikutano ya kijiji na watoto wetu, tukakaa mbele, tukauliza jambo lile lile: bima ya familia iwabebe watoto hawa hata wakikua, na mazoezi yaletwe zahanati. Viongozi walibadilika, sisi tukauliza tena. Ilichukua miaka. Masanja hakuiona siku tuliyojibiwa. Homa ya mapafu ilimchukua wakati wa mavuno ya pamba. Mkutano uliofuata nilikwenda mgongo mtupu, nikasimama kuuliza, sauti ikakatika. Mama Limbu akanimalizia.

Leo mtaalamu wa mazoezi anafika zahanati yetu, kadi ya bima inapokelewa, na Limbu anakaa mwenyewe. Viti vya magurudumu bado havimo kwenye bima, tunaendelea kuvidai. Nami huenda kuwashika watoto wa wenzangu mikono wakifanyishwa mazoezi. Nikirudi nyumbani, sitakudanganya, kimya ni kile kile.

Kwa hiyo mtoe mwanao nje, mwanangu. Mwandikishe bima mapema, usingoje baba yake arudi. Ukiambiwa jambo fulani halimo, usiende kulilia ndani. Mtafute mwenzako, mrudi pamoja mkaulize. Na akitokea mwingine mwenye mtoto wa namna hii, uwe wewe wa kwanza kubisha hodi kwake.

Mungu akupe nguvu, akupe na watu. Akujalie uzeeke ukiwa naye. Aje akuzike yeye, usimzike wewe.