Feni Iliyosimama

Nilikuwa fundi pekee wa kike katika karakana ya vichwa vya treni, upande wa Temeke. Mkuu wetu wa zamu alikuwa mzee wa Kizaramo aliyekaribia kustaafu. Nikimpa shikamoo asubuhi, huuliza kwanza hali ya mwanangu mdogo, ndipo anipe kazi.

Siku moja aliletewa kichwa cha dizeli cha zamani. Kila kikipandisha vilima vya Pugu, maji yalichemka. Mzee alinieleza kwamba maji hubeba joto la injini hadi kwenye rejeta mbili za ubavuni, na feni kubwa chini ya paa huvuta hewa ya nje ipite kwenye rejeta hizo, kisha huitupa juu. Maji yakipata moto, swichi huiwasha feni yenyewe. Aliishuku swichi hiyo.

"Feni ikisimama usidhani imezimwa," aliniambia.

Tukawasha injini. Yeye alikaa chumba cha dereva kuangalia mshale wa joto, mie nikabaki nyuma. Baadaye akaniita kwa sauti kwamba mshale umevuka alama ambapo feni hupaswa kuwaka. Feni kimya. Nikadhani waya umekatika. Bila kumwambia, nikafungua kijimlango cha chumba cha rejeta, nikaingiza kichwa na mabega. Mapanga ya feni yalikuwa juu yangu, marefu kama mkono wangu, yamejaa vumbi. Nikainua tochi.

Nikasikia "tak" ndogo, kisha upepo. Mtandio wangu ukavutwa juu, ukanikaza koo. Nilikuwa nimeubana kwa pini moja tu. Pini ikaachia, mtandio ukaenda, nami nikaanguka nyuma. Sijui kama nilipiga kelele. Injini ilikuwa inanguruma.

Mzee aliponikuta nimekaa chini, alizima injini, akaja kunikagua shingo. Nilingoja anigombeze. Alisema tu, "Una mtoto, wewe."

Nyumbani sikuweza kukaa chini ya pangaboi la dari. Nililizima, na kwa joto lile la Dar, mwanangu akawa analia kwa jasho. Mama alipouliza, nilimwambia limeharibika. Akabonyeza swichi, likazunguka. Nikatoka nje mbio.

Wiki moja baadaye swichi mpya ilifika, na mzee akaniita mie niifunge. Nilimwomba ampe mwingine kazi hiyo. Alizima injini, akachomoa fyuzi ya feni, akanitia mkononi.

"Kaa nayo mwenyewe. Bila hiyo haizunguki."

Niliiweka mfukoni nikaingia chumba cha rejeta. Nilifunga swichi mpya huku nikiigusa fyuzi kila mara. Kwenye mapanga ya feni nilikuta nyuzi za mtandio wangu zimenasa, nikazitoa moja moja.

Nilimrudishia mzee fyuzi. Tulipojaribu, feni iliwaka palepale kwenye alama. Mzee alicheka kwa furaha, akageuka kunitafuta. Kwa ile "tak" tu, nilikuwa nimeshafika getini.