Mkutano wa Kumng'oa Mwenyekiti

Nilifika Kurasini bila nia ya kukaa. Shule niliacha mapema, nikazoea kuhamahama, na kila nilipohamia nilitaka kujua kwanza nani mwenye kauli. Pale mwenye kauli alikuwa mwanamke, wa kwanza kuwa mwenyekiti wa ule mtaa. Kabla ya hapo aliuza mihogo ya kukaanga. Mie nilikuwa naosha malori ya makontena.

Malori yalikatiza katikati ya nyumba za watu kwenda yadi. Mama mwenyekiti akapanga mapipa ya zege njiani, akasema hayapiti tena. Madalali wa maegesho wakakosa riziki, nasi waosha malori tukakosa. Haukupita muda ukaitishwa mkutano: abaki au aondoke.

Wanaume tulikaa mbele kwenye viti vya plastiki, wanawake nyuma kwenye mikeka, kama msibani. Mtendaji wa kata alisimamia kura, na kura ilikuwa ya kunyoosha mikono.

Dalali mmoja alisimama. "Dada yetu mchapakazi, hatukatai. Lakini mtaa si jiko."

"Jiko unalijulia wapi, baba?" sauti ikatoka mikekani. "Kwako hata chai hujui inachemshwaje!"

Watu walicheka.

Mtendaji akaita wanaotaka aondoke. Mbele mikono ikajaa, wangu ukiwemo. Akaita wanaotaka abaki. Hapo wanaume wakageuka kwenye viti vyao, kila mmoja akimtafuta mkewe kwa macho. Nami niligeuka. Mikono yote ya wanawake ilikuwa mapajani.

"Naomba mgeuke mbele, baba zangu," mwenyekiti alisema. "Anayehesabu ni mtendaji."

Hakuna aliyegeuka.

Akanyanyua kiti chake, akapita katikati yetu nacho, akakiweka baina ya viti na mikeka. Akakaa akituelekea sie, wanawake akiwapa mgongo.

"Mnaotaka kutazama, nitazameni mie."

Asingeweza kujua nani yuko naye, na hakugeuza shingo. Nyuma yake mkono mmoja ukapanda, halafu mwingine, halafu sikuweza tena kuifuata.

Jamaa aliyekaa mbele yangu akaruka. "We mama watoto! Shusha mkono!"

Mkewe akaushusha. Bibi kizee aliyekaa naye mkeka mmoja hakuushusha wake.

"Mbona unamfokea yeye tu?" bibi akamuuliza. "Mie mama yako nimenyoosha. Haya, niambie na mie nishushe."

Jamaa akakaa. Mkewe akanyoosha tena.

Mtendaji alihesabu, akarudia, akafuta jasho, akatangaza: mwenyekiti anabaki.

Wanawake hawakupiga vigelegele.

"Nyie waosha malori," mwenyekiti alisema, "kesho njooni ofisini tuone mtaoshea wapi."

Dalali akaninong'oneza, "Utaenda, braza?"

Mkutano ulikuwa umefungwa, wanaume walikuwa wamesimama wakisubiri wake zao, na mikekani hakuna aliyenyanyuka. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kurudi nyumbani.