Siku Mama Alipozuru Uholanzi Akiwa Isipingo

Mama alikuja dukani kwangu amevaa kitenge cha kanisani, mkoba begani, na ndani ya mkoba mlikuwa na maandazi na chupa ya chai. Nikamwuliza chakula chote hicho cha nini, na sisi tunakwenda kukaa tu kwenye viti viwili vya plastiki nyuma ya kaunta.

"Si tunasafiri leo?" akanijibu. "Mutu hasafiri na njaa."

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenye simu. Dada yangu, anayeishi Uholanzi na mumewe mwaka wa tisa huu, alikuwa ameahidi kumtembeza mama katika mji mmoja wa kale wa huko. Karatasi za mama za kusafiria zimekwama ofisini tangu sijui lini. Mimi natengeneza simu hapa Isipingo, kusini kabisa mwa Afrika, karibu na stendi ya teksi, na duka langu lina intaneti isiyokatika ovyo, basi Jumapili hiyo tulijifungia humo.

Sikuitaka safari hiyo hata kidogo. Tangu asubuhi nilikuwa nashika bisibisi naiacha, nafuta kaunta niliyokwisha kuifuta. Dada yangu alikuwa hatembei tena. Gari lilimgonga akiwa kwenye baiskeli, na huo ulikuwa mwezi wake wa saba kwenye kiti cha magurudumu, na mama hakujua. Dada aliniapisha nisiseme. Kwetu habari mbaya haipigiwi simu. Inaletwa kwa miguu: mtu anaingia, anakaa, anakushika mkono, ndipo anasema. Tukakubaliana tungoje karatasi zitoke, mama afike huko, aambiwe na dada mwenyewe. Niliiita heshima. Ukweli ni kwamba niliogopa, na kungoja kulinifaa.

Picha zikaanza. Kamera ilitazama mbele tu. Tuliona mfereji wa maji meusi, nyumba nyembamba zilizobanana, nyingine zimeinama kidogo, na juu ya kila nyumba ndoano ya chuma. Dada alieleza kwa furaha iliyozidi kiasi.

"Ile chuma ni ya nini?" mama akauliza.

"Ya kupandisha vitu, mama. Escalier yao, ile ngazi ya ndani, iko nyembamba, kabati haiwezi kupita. Wanaivuta na kamba, inaingilia kwa dirisha."

"Na mutu mwenye kushindwa kupanda, naye wanamuvuta vile?"

Dada alicheka. Mimi niliinuka kwenda kuangalia kama mlango umefungwa, na ulikuwa umefungwa tangu tulipoingia.

Wakafika soko la jibini. Jibini zile kubwa za duara tuliziona kwa chini, kama anavyoziona mtoto aliyeletwa sokoni na mama yake. Nilimtazama mama kwa pembe ya jicho. Alikuwa anatafuna taratibu.

"Geuza simu nikuone, mwana wangu."

"Ngoja kwanza, mama, nikuonyeshe daraja."

Aliomba tena, akapewa kanisa. Aliomba mara ya tatu, akapewa mabata. Mwisho wakaingia njia ya mawe, mawe ya zamani yaliyopangwa moja moja, na picha ikaanza kutetemeka upesi upesi, krrr, krrr, bila kupumzika. Mama akaliweka andazi chini. Kwa miaka mingi amesukuma toroli la mitumba juu ya matofali ya hapo stendi. Magurudumu madogo anayajua kwa sikio.

"Ni network, mama," nikasema, nikakohoa. "Eish, leo iko mbaya."

Hata hakunitazama. Aliisogeza simu karibu na mdomo wake.

"Mukwe wangu, pumuzika kwanza, nasikia pumuzi yako. Kwa mawe usisukume mbele. Geuza kiti, uvute nyuma. Miye najua ile kazi."

Magurudumu yakasimama. Kisha kamera ikageuka, na dada akaonekana, blanketi magotini, machozi mpaka kidevuni. Mama alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye blanketi. Akamwuliza kama anaumwa, kama anakula, nani anamwogesha. Halafu akasema safari iendelee, bado hajaona daraja. Basi dada akaigeuza tena kamera, mumewe akawa anakivuta kiti kinyumenyume, na mji wote ukawa unatuacha, nyumba moja baada ya nyingine.

Simu ilipozimwa, mama alifunga maandazi yaliyobaki katika kitambaa. Mimi na yeye tunapanga nyumba moja, chumba changu kinatazamana na chake.

"Dada yako hana miguu ya kuniletea habari," akasema. "Na weye? Kutoka kwa mulango yako mpaka kwa yangu, ni hatua ngapi?"

Ni nne. Niliona haya hata kuzitaja.