Winifred Hahami Uwanjani

Watu wa Aldersyke, mji wa viwanda vya sufu huko kaskazini ya Uingereza, wana kitenzi kimoja wanachokituma kama mtoto wa jirani. Ni "stand", kile ambacho sisi tulikikopa, tukakipeleka kwenye mabasi, tukakiita stendi. Kwao mtu husimama kama asimamavyo yeyote mwenye miguu, lakini mwenye kizimba naye "anasimama soko". Ukimnunulia mwenzio bia, umemsimamia bia. Ukigombea udiwani, umesimama. Chai ikiachwa kwenye birika ipate rangi, imesimama. Na ukiwa huwezi kumvumilia mtu, basi huwezi "kumsimama", ingawa ukilisema hilo mbele ya Mswahili atakucheka mpaka ashike mbavu.

Winifred Sugden alisimama kwa maana zote hizo isipokuwa ya udiwani. Aliyesimama udiwani alikuwa Neville Haigh, na mwaka ule wa 1978 ndiye binadamu pekee katika Aldersyke ambaye Winifred hakuweza kumsimama.

Alikuwa muuza vyombo, kama mama yake. Tangu ana miaka kumi na minne, kila Alhamisi alikuwa uwanjani, mbele ya kanisa, akinadi sahani kwa sauti iliyowafanya njiwa wahame. Alijua kuzipanga seti nzima za chakula mkononi kama karata, akazirusha juu, zikashuka kwa kishindo cha kukutoa roho, na isivunjike hata moja. Mumewe Stanley, dereva wa basi, alipofariki, walimzika Jumanne. Alhamisi alikuwa kizimbani. Watu wakanong'ona. "Mnataka nikae nyumbani nikitazamana na kiti chake?" aliwauliza, akaendelea kupanga sahani.

Neville aliuza samaki kizimba cha jirani kwa miaka thelathini. Walichekana, walitukanana, walilindiana meza mmoja akienda msalani. Alipogombea udiwani, Winifred alimnadi kama alivyonadi sahani, naye akashinda. Hazikupita siku nyingi diwani akaja na mpango wake. Soko lihamie chini ya maduka mapya, kwenye orofa ya chini ya ardhi, penye taa na joto, na uwanja uwe maegesho ya magari. Mwaka wa kwanza kodi bure. Wafanyabiashara wakamwamini mmoja mmoja, wakahama. Winifred alisema yeye si panya, hataishi chini ya sakafu ya mtu.

Sasa, Aldersyke ina desturi ya kale. Uwanja ni wa soko maadamu kila Alhamisi, kabla ya kengele ya adhuhuri, kitu kimoja kimeuzwa pale, japo sindano. Ikipita Alhamisi moja bila mauzo, haki imekufa na baraza lina ruhusa ya kufanya litakalo. Vizimba vyote vilipohama, Winifred akabaki peke yake kuishikilia haki hiyo. Binti yake alitaka kuwaleta mashoga zake wanunue japo kikombe. Winifred alimfokea. Muuzaji anayeomba anunuliwe, alisema, aende mlangoni pa kanisa akashike bakuli.

Alhamisi ya kwanza ya Januari theluji ilianguka tangu alfajiri. Kule chini walikuwa wakigawa chai na mikate ya zabibu. Uwanjani palikuwa na meza ya Winifred, vyombo vyake, na Bwana Thackray, msimamizi wa soko, aliyebeba kengele ndani ya koti isije ikaganda. Asubuhi nzima hakupita mteja. Winifred hakuhisi tena vidole vya miguu, na kwa mara ya kwanza aliogopa. Aliogopa kwamba kazi ya mama yake itafia mikononi mwake, saa sita mchana, bila hata mtu wa kuitazama.

Kengele ikiwa karibu, akatokea Neville, amevaa koti zuri na glavu za ngozi.

"Winnie, kipenzi," alisema, maana huko hata kondakta wa basi humwita kila mtu kipenzi, "kule chini kuna joto."

"Hata motoni kuna joto, Neville. Tangulia, uniwekee nafasi."

"Umebaki peke yako."

"Peke yangu vipi na wewe umeshafika? Au hukuja kununua?"

"Nimekuja kushuhudia. Lazima pawe na shahidi wa baraza."

"Haya, shuhudia basi. Fumbua macho."

Akavua mitandio miwili, akapanda juu ya kreti. Alikuwa na hasira mpaka machozi yalimlenga, na hasira ile akaitia yote kwenye sauti.

"Sitaki pauni ishirini!" aliuambia uwanja mtupu. "Dukani watakutoza ishirini na kukukunjia uso! Sahani sita, bakuli sita, birika lenye mfuniko wake! Mama mkwe akija, mpakulie humu ale akiwa amenyamaza! Sitaki kumi na tano! Thackray, nimesema nataka kumi na tano?"

"Hujasema, Winnie."

"Sijasema! Sitaki kumi! Wala saba!" Akaikusanya seti mkononi, akairusha. Vyombo vilipaa katikati ya theluji, vikashuka vyote mikononi mwake kwa kishindo kilichogonga ukuta wa kanisa na kurudi. "Pauni tano, na nani ataniondoa hapa? Nani?" Akaiweka seti mezani, akagonganisha viganja kwa kofi moja.

Wanunuzi wa Aldersyke hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Wataganda hapo mpaka jioni wakitazamana. Kwa hiyo wenye vizimba husaidiana. Kofi likipigwa, jirani huinua mkono na kupaza sauti kana kwamba ni mnunuzi, amfungulie mwenzake biashara, na umati humfuata. Baadaye seti hurudishwa kimyakimya chini ya meza. Neville aliifanya kazi hiyo kwa Winifred kila Alhamisi kwa miaka thelathini. Aliijua nusu pumzi ile baada ya kofi kuliko alivyojua sala zake.

"Mimi hapa!" akapaza sauti Neville, mkono juu.

Theluji iliendelea kuanguka. Diwani aliutazama mkono wake kama ni wa mtu mwingine.

"Thackray," alisema, "ni mazoea tu. Unajua mwenyewe."

"Najua," alisema Thackray. "Ila mkono ukishapanda sokoni, diwani, ndiyo umepanda. Pauni tano."

Winifred alishuka kwenye kreti. Hakucheka, ingawa alikuwa na haki ya kucheka. Alihisi furaha, na ndani ya furaha hiyo uchungu, kwa sababu katika nusu pumzi ile alikuwa amempata tena jirani yake na sasa alikuwa anampoteza tena. Akaifunga kila sahani kwenye gazeti, polepole, akamkabidhi kasha. Neville akatoa noti. Thackray akatoa kengele kwenye koti, akaipiga adhuhuri.

"Wiki ijayo siji," alisema Neville.

"Usije. Nitamwuzia mwingine."

"Winnie, una miaka sitini na minane. Utasimama hapa kila Alhamisi mpaka ufe?"

"Mpaka wewe ufe, Neville," alisema Winifred, akijifunga mtandio. "Na mazishi yako wakiyaweka Alhamisi, nisamehe, sitafika."