Nilivyovutwa na mbwa wangu mpaka kwenye pilau la hitma, na kazi niliyoipata kumwachisha

Wakuu, kwema?

Nianze na aibu yenyewe nisije nikaifupisha mbele ya safari: mie ndio yule jamaa wa Boko aliyeingia kwenye hitma ya jirani kwa tumbo. Kamba kiunoni, mbele ananivuta mbwa. Ndala moja mguuni, nyingine mpaka leo sijui ilipo.

Sipunguzi wala siongezi. Watu wa mtaani kwetu wamo humu, nikidanganya watanichana.

Iko hivi.

Mie natunza bustani za watu Msasani. Shule niliishia form two, sio kwa ada, kwa uvivu tu. Bosi wangu mmoja, mgeni, alipokuwa anarudi kwao akaniachia hound wake, jina lake Bruno.

Kwa ambao hamjawahi kumuona hound: masikio marefu kama soksi zilizoanikwa, macho ya huzuni kama mtu aliyeachwa na basi, halafu pua. Pua ndio mbwa mwenyewe. Hayo mengine yote yapo kwa ajili ya kuibeba tu.

Nikajua nimepata mlinzi. Mlinzi gani sasa! Mgeni akija, Bruno analala chali akunwe tumbo. Baiskeli ya ice cream ikipita na muziki wake, anaitikia mpaka inafika lami.

Na matunzo yake msiyaone hivi hivi. Yale masikio usipoyasafisha yananuka vibaya sana. Kupe wanajificha humo humo. Chanjo ya kichaa, dawa ya minyoo, kumpikia dona na dagaa. Kifupi nimemlea kuliko nilivyolelewa mie.

Mtaani hakuna aliyemtaka. Majirani wengi ni Waislamu, mate ya mbwa kwao najisi, akikugusa nguo ya kuswalia ishakuwa kazi. Nawaelewa kabisa.

Aliyekuwa anamsalimia ni mmoja tu, Mzee Zuberi, jirani wa ukuta kwa ukuta. Anasimama mbali na bakora yake, anasema, "Bwana Masikio, umeamkaje?" Bruno anatikisa mkia mpaka kiuno kinahama. Mie nasema shikamoo, mzee anaitikia, "Marahaba, na wewe upo?"

Sasa kosa langu liko hapa wakuu, someni taratibu.

Mke wangu anapika kwenye shughuli za watu. Akirudi anakuja na ukoko wa pilau. Nikasema fresh, hii ndio zawadi ya mafunzo. Bruno njoo, akija, ukoko. Bruno kaa, akikaa, ukoko. Alishika haraka, nikawa natembea mtaani kama profesa.

Kumbe mwenzangu kaelewa kitu kingine kabisa. Yeye kaelewa kwamba popote panaponukia pilau, ndipo anapoitwa.

Na Boko wikendi pilau halikosekani.

Mzee Zuberi akafariki. Ghafla tu, Mungu amrehemu. Kuzika nilienda, hata udongo niliweka. Siku ya hitma nikasema nimtembeze mbwa kwanza, nirudi nioge, niende. Kamba nikajifunga kiunoni, style niliyoiona kwa wageni wa Msasani wakikimbia asubuhi. Wale wageni wana mikanda maalumu. Mie nilikuwa na kamba ya kuanikia nguo.

Upepo ukageuka. Bruno akainua pua.

Sikumbuki vizuri njia tuliyopita. Nakumbuka michongoma, nakumbuka ndoo ya mtu, halafu nakumbuka mkeka. Nimetua kifudifudi katikati ya wanaume, ustaadhi kanyanyua mikono anaomba dua, na Bruno pua yote iko ndani ya sinia.

Dua ikakatika.

"Mtoeni huyo!" mtu akapiga kelele.

"Yupi kati yao?" akauliza mwingine.

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilijua nimeharibu. Sinia zima likamwagwa. Vijana wakaanza kuliosha na udongo na maji, mara ya kwanza, ya pili, wanaendelea, na kila wakimimina maji wananiangalia mie. Mama Zulfa, mjane wa mzee, yuko ndani na msiba wake anasikia vurugu zote.

Jioni baba mwenye nyumba akanifuata. Hakupandisha hata sauti. "Kijana, arobaini inakuja. Mbwa huyu akitia mguu pale tena, vitu vyako utavikuta barabarani. Wewe na yeye."

Kumpeleka kwingine? Nani anamtaka? Wenye mashamba wanataka mbwa mkali. Huyu anakunwa tumbo.

Nikaanza upya. Ukoko marufuku. Rafiki yangu Chande, fundi wa mageti pale jirani, akanichomelea pete ya chuma ya kufungia kamba. Mke wangu anapika pilau jikoni, Bruno kwenye kamba uani. Akivuta, mie nasimama kama nguzo ya umeme, simuangalii, simsemeshi. Akilegeza kamba, anapata dagaa. Akivuta tena, nguzo tena.

Wakuu, nilichoka. Viganja vilichubuka. Kazini nasinzia na mkasi wa maua mkononi. Mke wangu akasema, "Baba, pilau nikilisikia tena natapika." Kuna siku nilikaa chini uani nikamuangalia Bruno, na yeye kaniangalia na yale macho yake, nikaona wote wawili tunataka kulia.

Arobaini ikafika. Pilau la kuku, harufu inapita juu ya ukuta kama haina adabu. Nikafunga geti, nikakaa na kamba mkononi kutwa nzima. Bruno akainuka, akatetemeka, akageuka kunitazama. Kamba ikalegea. Akaja akalala juu ya miguu yangu.

Nikampa dagaa zote zilizobaki. Nikajifuta macho, nasema vumbi.

Funzo kwa mnaofuga: mbwa hakosei somo, anajifunza kile unachompa, sio kile unachofikiria umempa. Angalia zawadi yako inanukia wapi kwingine. Wenye hound karibuni mtoe uzoefu, hasa wa masikio. Na wa kunicheka pia karibuni, nimeshazoea.

Ila jioni ile Chande alipitia kwangu akitokea kwenye arobaini, kanzu bado mwilini. Nikamsimulia kwa mbwembwe zote, jinsi Bruno alivyogeuka, jinsi nilivyokaa kutwa sijanyanyuka. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akamtazama mbwa, akanitazama mie.

"Mama Zulfa yuko eda, hawezi kutoka kuja kwako," akasema. "Katuma mtu mara mbili kuulizia mbona hujaja. Braza, aliyekatazwa kwenda pale ni mbwa."